Namna ya kuifanya ofisi ya ajira chuoni imfikie mwanafunzi asiye na mtu

Hii nawaandikia nyinyi mnaokaa kwenye ofisi ya ajira chuoni, kerias kama wengi tunavyoita, pamoja na malekchara mlioongezewa mzigo wa kusimamia intanshipu na viongozi wa gildi (serikali ya wanafunzi) wanaotaka kufanya kitu cha maana kabla muhula wao haujaisha. Uganda tumejitahidi kwenye mlango wa kuingilia chuo, lazima tuseme ukweli. Wasichana wanaongezewa pointi 1.5 tangu 1990, kuna kota ya wilaya, kuna nafasi za wenye ulemavu, na tangu 2014 tuna Higher Education Students' Financing Board, ile bodi ya mikopo. Lakini mlango wa kutokea hauna mtu. Kijana wa Kaabong au Bundibugyo anasaidiwa kuingia Makerere ama Busitema, anasoma kwa shida, anavaa joho, alafu akitoka getini anashindana na mwenzake ambaye mjomba wake ni meneja wa benki na ambaye intanshipu yake ilipangwa kwa simu moja tu jioni.

Ninachotaka kusema ni hiki. Semina ya CV haimsaidii mtu asiye na nauli ya kwenda intavyuu. Tunapenda sana kutoa ushauri sababu ushauri hauna gharama, lakini mwanafunzi wa familia maskini mara nyingi anakwamishwa na vitu vidogo vidogo: karatasi moja, shilingi elfu ishirini, mtu mmoja wa kumpigia simu. Ofisi ikijipanga kuondoa hivyo vidogo, ushauri nao utaanza kufanya kazi.

Hatua ya kwanza: wajue ni nani, bila kuwaaibisha

Usibandike tangazo la "wanafunzi wenye mahitaji waje ofisini". Hakuna atakayekuja, na yule atakayekuja wenzake watamtazama vibaya hosteli. Anza na watu ambao tayari wanajua. Ofisi ya mlezi wa wanafunzi (Dean of Students) inajua nani kila semista anaomba aongezewe muda wa kulipa tuisheni. Basari, yule wa fedha za chuo, anajua nani anajisajili siku ya mwisho. Mawodeni wanajua, chaplensi na msikiti wa kampasi wanajua, na askari wa usiku anajua vizuri kabisa nani analala laibrari sababu hana pa kulala. Wenye mkopo wa bodi wako kwenye orodha, wenye skolashipu ya Mastercard Foundation pale Makerere programu yao ipo tangu 2013, na wakimbizi wenye skolashipu ya DAFI inayotolewa kupitia UNHCR tangu 1992 nao wanajulikana.

Ila kuwa makini na hizo orodha. Mwenye skolashipu mara nyingi ana mtu anayemfuatilia, ana pesa ya kujikimu, ana mafunzo ya uongozi. Anayeumia zaidi ni yule wa praiveti, anayejilipia mwenyewe, ambaye mama yake anauza matoke sokoni na analipa tuisheni kwa vipande vipande, haonekani kwenye orodha yoyote, na kwa macho anaonekana kama kila mtu. Hata mwenye mkopo wa bodi, mkopo unagusa tuisheni na zile fankishonal fizi (ada nyingine za chuo) na utafiti, haugusi chakula wala pango la hosteli, kwa hiyo usidhani kwamba akishapata mkopo amemaliza shida.

Ukishamjua, muite yeye peke yake kwa ujumbe wa kawaida: "Habari, naomba uje ofisini Jumanne saa saba tuongee kuhusu intanshipu yako." Usimwambie kwamba umemuita sababu ni maskini. Na orodha uliyokusanya ibaki kwako, usiitume kwenye grupu la wafanyakazi, usiwape hata waajiri.

Hatua ya pili: toka kwenye hiyo ofisi

Ofisi inayofunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni ni ya wanafunzi wenye nafasi. Wale unaowatafuta mchana wako kwenye lekcha na zikiisha wanakimbilia kazi, kuna anayeuza chipsi Wandegeya, anayefundisha watoto wa jirani kule Kireka, anayeendesha boda mpaka saa nne usiku. Weka jioni moja kwa wiki na Jumamosi moja kwa mwezi. Chukua meza yako upeleke kantini au kwenye lango la hosteli za Kikoni kama uko Makerere, za Banda kama uko Kyambogo, ukae hapo masaa mawili tu. Utaona watu ambao hawajawahi kukanyaga jengo lenu.

Kwa matangazo ya kazi, andika kwenye WhatsApp kwa maneno ya kawaida, usitume faili zito wala picha kumi, sababu mtu anayenunua bando la siku hawezi kufungua. Andika kazi gani, wapi, mwisho lini, inatakiwa nini, inatumwa wapi. Mistari mitano inatosha. Kisha bandika hayo hayo kwenye ubao.

Na uanze mwaka wa kwanza. Watu wengi wanawangoja mwaka wa tatu ndio wawaite, wakati mwenye mjomba ameshafanya kazi mbili za likizo. Mwaka wa kwanza humfundishi CV, unamuuliza tu ana karatasi gani na anafanya nini likizo.

Kitu kingine, mwache aongee lugha inayomtoka. Kama amekulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyaka na Kiswahili ndio kinachomtoka vizuri, ongea naye Kiswahili. Kama ni Luo au Ateso na mna mtu ofisini anayejua, mwite. Kiingereza mtakifanyia mazoezi baadaye kwa ajili ya intavyuu, lakini shida za nyumbani mtu hazielezi vizuri kwa lugha anayoiogopa.

Hatua ya tatu: malizeni karatasi mapema

Hapa ndipo wengi wanapoteza kazi waliyokwisha kupata. Mwajiri anapiga simu Alhamisi anataka mtu aanze Jumatatu na aje na nakala za kitambulisho, TIN (namba ya mlipa kodi), namba ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), vyeti vya UNEB (baraza la mitihani) na barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji). Mtoto wa mjini anavyo vyote kwenye bahasha, mama yake alivitunza. Wa kijijini vyeti viko kwa baba mdogo Kotido, ama bado vimeshikiliwa shule sababu ya deni la fizi la S6.

Kaa na kila mmoja mkaguane. Kitambulisho cha taifa kwanza. Vile vya mwanzo vilitolewa kuanzia 2014 na vilikuwa vya miaka 10, kwa hiyo angalia tarehe ya kuisha, na kama hajasajiliwa kabisa NIRA (mamlaka ya vitambulisho), hiyo ni kazi ya kuanza leo maana inachukua muda na inahitaji taarifa za wazazi. Mwambie aishike NIN yake, namba ya kitambulisho, kichwani.

Alafu angalia majina. Hii nisikilizeni vizuri. Kwenye cheti cha PLE (cha shule ya msingi) mwalimu aliandika Okelo, kwenye UCE (cha kidato cha nne) ni Okello, kwenye NIN ni Okello Musa na kwenye kadi ya chuo ni Moses. Kwake ni mtu mmoja tu, kwa afisa wa rasilimali watu ni watu watatu. Inatakiwa hati ya kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo, wakati mwingine kubadilisha jina rasmi kabisa, na vyote vina gharama. Mkijua mwaka wa kwanza kuna nafasi ya kurekebisha kabla transkripti haijachapishwa. Mkijua baada ya graduesheni, mtu anahangaika mwaka mzima. Kama chuo chenu kina kitivo cha sheria, ongeeni nao, kliniki ya sheria inaweza kuwaandalia hizo hati kundi zima kwa siku moja.

Vyeti vilivyoshikiliwa shule, ofisi yako iandike barua kwa hedimasta. Barua yenye letahedi ya chuo inasikilizwa kuliko kijana aliyeenda peke yake na viatu vya vumbi. Omba kama deni linaweza kulipwa kidogo kidogo na cheti kiachiliwe, au angalau mpewe nakala iliyothibitishwa wakati anamalizia.

TIN inapatikana bure kwenye tovuti ya URA (mamlaka ya mapato), msimwache alipe mtu wa kafe elfu thelathini. Kaeni naye kwenye kompyuta yenu mjaze. Waliosoma sekondari nje, kwa mfano Kongo au Burundi, wawe na ile barua ya UNEB ya kulinganisha vyeti vyao, na kama diploma au digrii ya kwanza ni ya nje hiyo inalinganishwa na NCHE (baraza la elimu ya juu). Waliitumia kuingia chuoni lakini wengi waliacha nakala moja tu kwenye ofisi ya usajili na hawana nyingine.

Mwisho piga skani kila kitu, kitumwe kwenye imeili yake mwenyewe, yenye jina lake la kweli na siyo lile la utani alilojipa kidato cha pili. Simu zinaibiwa, hosteli zinaungua, lakini imeili inabaki.

Na muonye kabisa kuhusu kutengenezewa vyeti vya bandia Nasser Road, ule mtaa wa maprinta Kampala. Kijana aliyekata tamaa anaweza kuambiwa ni kitu kidogo, kumbe waajiri wanahakiki na UNEB na chuo, na akishikwa ni polisi.

Hatua ya nne: intanshipu, na pesa yake

Kama una nguvu za kufanya jambo moja tu mwaka huu, fanya hili. Intanshipu ndiyo inayompa mtu referensi wa kwanza, na mara nyingi ndiyo inayompa kazi. Wiki nane mpaka kumi kwenye likizo ile ndefu, na karibu zote hazina mshahara. Tupige hesabu pamoja. Tuseme kijana analala Mukono na intanshipu iko Kampala katikati. Tuseme nauli ni 4,000 kwenda na 4,000 kurudi, chakula cha mchana 5,000, hiyo ni 13,000 kwa siku. Siku tano kwa wiki, wiki nane, ni 520,000. Hapo hujaweka nguo, hujaweka bando, hujaweka kwamba hosteli nyingi zinadai pango la likizo. Na ile miezi ndiyo alikuwa anategemea kufanya kibarua apate pesa ya semista inayokuja. Kwa hiyo tunapomwambia "nenda kajifunze bure", tunamwambia apoteze mara mbili. Ndio maana anaenda kwenye duka la rafiki ya baba yake anagongewa mhuri kwenye logibuku, na sisi tunampa alama, na hakuna alichojifunza.

Kisheria hamna cha kumtetea hapo. Kima cha chini cha mshahara Uganda bado ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, kwa hiyo usingoje serikali ije kumlipa intani. Tufanye wenyewe.

Anza mapema, mwezi wa pili kama intanshipu ni wa sita. Waulize wale kwenye orodha yako wanatoka wilaya gani na wana ndugu wapi, alafu utafute nafasi karibu na mahali ambapo mtu atalala bure na kula nyumbani. Hapa maofisi yetu yanakosea sana kwa kudhani nafasi nzuri ziko Kampala tu. Halmashauri ya wilaya, hospitali ya rufaa ya Arua, Soroti au Kabale, viwanda vya Jinja na Mbale, mashirika yanayofanya kazi kwenye makambi ya Isingiro, Kikuube na Yumbe, wote wanachukua maintani na ushindani ni mdogo. Na mara nyingi kule kijana anafanya kazi yenyewe, hatumwi chai. Mwanafunzi wa uhasibu kwenye halmashauri ya wilaya anagusa vitabu wiki ya kwanza, mwenzake kwenye kampuni kubwa ya mjini anakaa miezi miwili akifotokopi.

Ukiongea na mwajiri, usiogope kuuliza fasilitesheni, yaani pesa ya kumwezesha. Uliza wazi: mnaweza kumpa chakula cha mchana na nauli? Wengi wanasema hapana kwa mazoea tu sababu hakuna aliyewahi kuuliza kwa maandishi. Iweke kwenye barua ya utambulisho kabisa, mstari mmoja, "chuo kinaomba kama inawezekana mwanafunzi apewe chakula na nauli". Wengine hawana pesa lakini wana basi la wafanyakazi, na hilo peke yake linatosha.

Alafu muwe na mfuko mdogo. Sizungumzii mradi wa wafadhili, nazungumzia gildi kutenga kitu kwenye bajeti yake, malekchara kuchanga, na waliomaliza kutuma elfu hamsini hamsini kwa MoMo (pesa ya simu). Watu wanapenda kuchangia kitu wanachokiona, "nauli ya intani mmoja kwa wiki mbili" inaeleweka kuliko "mfuko wa maendeleo". Mpeni mwanafunzi kwenye laini yake mwenyewe, kwa awamu mbili, ya kwanza kabla hajaanza, sababu wiki ya kwanza ndiyo watu wanaacha. Utaratibu uwe mwepesi: fomu ya ukurasa mmoja, hakuna kusimama mbele ya kamati kueleza umaskini wa nyumbani kwenu. Anayesimamia pesa asiwe yule anayechagua wa kupewa, na kila mwisho wa semista hesabu ibandikwe, jumla tu bila majina.

Supavaiza wa chuo naye akienda kumtembelea asiangalie logibuku tu. Amuulize kijana kando, unakula? unalala wapi? kuna mtu anakusumbua? Hasa wasichana. Kama kuna bosi anayemsumbua binti, muondoeni kesho yake na mumtafutie pengine, na alama zake zisipotee.

Hatua ya tano: CV ya maisha aliyonayo

Kijana anakuambia "sina eksipiriensi". Muulize likizo alikuwa anafanya nini. Ameuza nyanya soko la Owino na mama yake tangu P5, anajua kuhesabu faida na kukopesha wateja na kudai. Alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akiba kijijini. Alitafsiri kwenye kituo cha afya kule kambini kati ya nesi na akina mama wa Kongo. Alikuwa enyumereta (mhesabu watu) kwenye sensa ya Mei 2024 ambayo ilifanywa kwa tableti, kwa hiyo ameshakusanya data kidijitali. Ameongoza kwaya ya watu arobaini. Hiyo yote ni kazi.

Shida ni namna ya kuiandika. Usimwache aandike "nilisaidia mama sokoni". Kaeni mtafute: alifanya nini, na nani, kwa muda gani, kilitokea nini. "Nilitunza daftari la mauzo na madeni ya kibanda cha mboga kwa miaka mitatu, wateja wa mkopo zaidi ya ishirini." Iwe ya kweli, na awe tayari kuielezea mtu akimuuliza. Kurasa mbili, hakuna picha, hakuna dini wala kabila.

Kiswahili kiandikwe. Naona wanafunzi wengi wa Arua, Koboko, Busia na wale wa makambini wanakiacha kabisa kwenye CV kana kwamba ni lugha ya sokoni tu. Serikali ilikubali mwezi wa saba 2022 kifundishwe mashuleni kwa lazima, Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huo huo, bomba la mafuta la kutoka Hoima mpaka Tanga lina kilomita 1,443 na sehemu kubwa iko Tanzania. Makampuni ya usafirishaji, ya forodha pale Mpondwe na Mutukula, mashirika ya misaada, yote yanatafuta mtu anayeweza kuongea na kuandika. Kama anaongea vizuri lakini haandiki, apate mazoezi ya kuandika, hiyo ni wiki chache tu.

Hatua ya sita: intavyuu

Fanyeni mazoezi ya kweli, meza, watu watatu, maswali. Mtu aliyesoma shule ya kijijini ambako mwalimu ndiye alikuwa anaongea peke yake, hajawahi kuulizwa "hebu tuambie kuhusu wewe" na wageni watatu. Mara ya kwanza ataganda, na ni afadhali agande mbele yako.

Kuna mambo ya heshima pia ya kuongea kwa upole. Binti wa Buganda au Busoga aliyelelewa kupiga magoti akisalimia wakubwa, na kijana aliyefundishwa kutomtazama mzee machoni, hao wana adabu nzuri na usiwafanye waione kama ushamba. Waeleze tu kwamba kwenye chumba cha intavyuu wanaouliza wanataka umtazame anayeongea na ujibu kwa sauti, na ukitoka pale unaendelea na heshima zako nyumbani.

Nguo: wekeni kabati ofisini. Makoti, sketi, viatu, tai, saizi mbalimbali. Wafanyakazi wa chuo wana nguo nzuri zisizowatosha tena, waombeni, na zilizobaki mnunue za mitumba. Anaazima, anafua, anarudisha. Na kwa intavyuu za mtandaoni mpe chumba chenye mlango unaofungwa, intaneti ya chuo na kompyuta, maana mtu hawezi kujieleza vizuri akiwa kwenye chumba wanacholala wanne.

Hatua ya saba: mpe watu

Kila mtu Uganda anajua kazi nyingi hazifiki gazetini, zinapita kwa mtu anayemjua mtu. Wengine wanasema ni ufisadi na basi. Sehemu yake ni ufisadi kweli, lakini sehemu kubwa ni mwajiri anayeogopa kumchukua asiyemjua. Kwa hiyo kazi ya ofisi ni kumfanya huyu ajulikane.

Siku kubwa ya waajiri yenye mahema na miziki siikatai ila wanaofaidika ni wale wanaojua kujisogeza mbele. Kwa mwanafunzi mwenye haya ni bora mtu mmoja aliyemaliza miaka michache nyuma, ikiwezekana wa wilaya yake, aliyepita njia ile ile. Wapigie simu waliomaliza, waombe kitu kidogo kinachoeleweka: nusu saa kwa simu mara moja kwa mwezi na kijana mmoja, kwa miezi sita. Ukiwaambia "kuwa menta" wanakubali wote na wanapotea wote.

Msaidie kijana na ujumbe wa kwanza, mfupi na wa heshima: "Shikamoo dada, naitwa fulani, nasoma mwaka wa pili uhandisi wa maji, nimepewa namba yako na ofisi ya ajira. Naomba unipe dakika kumi nikuulize ulivyoanza kazi." Asiombe kazi kwenye ujumbe wa kwanza.

Hatua ya nane: wakimbizi, wenye ulemavu, na akina mama

Sheria ya wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi Uganda. Waajiri wengi hawajui, na maafisa wao wanaona kadi ya mkimbizi wanaogopa. Printi kile kifungu, weka na barua ya chuo inayoeleza kwa ufupi, mwanafunzi aende nayo. Zaidi ya hapo, piga simu mwenyewe kwa mwajiri kabla hajaenda. Sauti ya afisa wa chuo inaondoa hofu nyingi. Skolashipu nyingine zinaisha siku ile kozi inaisha, na huyu hana nyumbani pa kurudi kusubiri isipokuwa kambini, kwa hiyo mpango wake uanze mwaka mmoja kabla.

Kwa wenye ulemavu kuna sheria ya 2020 inayokataza ubaguzi kazini. Kabla ya kumpeleka intanshipu nenda ukaone jengo: kuna ngazi ngapi, choo kiko wapi. Na muulize yeye anahitaji nini, usiamue kwa niaba yake. Kiziwi atahitaji mkalimani wa siku ya kwanza angalau, asiyeona atahitaji faili kwa njia ya kompyuta na siyo karatasi.

Mwanafunzi mwenye mtoto usimpangie mambo jioni, na mruhusu aje na mtoto ofisini.

Hatua ya tisa: matapeli

Hii nasema kwa haraka ila isemwe kila semista. Mwajiri wa kweli haombi pesa ya fomu, ya yunifomu wala ya "prosesing". Kazi za serikali kupitia tume za utumishi, ya taifa na za wilaya, haziuzwi fomu na mtu mtaani. Makampuni ya kupeleka watu Uarabuni yanapewa leseni na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, kwa hiyo kabla mtu hajatoa pasipoti yake aje mkaangalie kama kampuni ina leseni. Anayedanganywa zaidi ni yule ambaye familia imeuza ng'ombe kumsomesha na nyumbani wanauliza kila wiki kazi iko wapi.

Hatua ya kumi: baada ya joho

Mlango wenu usifungwe siku ya graduesheni. Andikeni kabisa kwenye taratibu za ofisi kwamba aliyemaliza anaweza kuja miaka miwili zaidi, kutumia kompyuta, kuprinti, kuazima koti. Kuna wengine wamemaliza mitihani lakini wana deni la tuisheni hivyo hawapati transkripti, nao wako nyumbani kimya kwa aibu. Hao watafuteni kwa majina, mkae na basari muone mpango wa kulipa kidogo kidogo, na mwajiri aandikiwe barua kwamba amemaliza masomo na anasubiri matokeo rasmi kama ndivyo ilivyo.

Wenye mkopo wa bodi wasijifiche. Akiwa hana kazi aende aseme hana kazi, awaachie namba mpya ya simu, hiyo ni bora kuliko kukaa kimya.

Na mpigie simu. Mwezi wa tatu, wa sita, na mwaka ukiisha. Simu ya dakika tano, maswali manne: unafanya nini sasa, unalipwa na je wanakukatia NSSF (mfanyakazi 5%, mwajiri 10%), kuna karatasi imekukwamisha, na unaweza kumchukua mwanafunzi mmoja wetu umuonyeshe kazi likizo ijayo? Majibu yaandike kwenye daftari moja, na mwezi wa pili ukianza kutafuta nafasi za intanshipu, anza na hilo daftari.